Gandhi, Mamake na Mwanawe: Nani Mwenye Kauli Juu ya Masomo ya Kijana?



Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu kwenda kukitazama chuo kikuu kimoja anachotaka kusomea sheria. Kijana ana miaka 19, ndevu zimeshaanza kumtoka. Tulipofika ofisini mhadhiri alimwuliza kwa nini anataka sheria. Kabla hajafungua kinywa, nikajibu mimi. Akaulizwa alipata alama gani za lugha, nikajibu mimi. Akaulizwa kama ana swali, nikauliza mimi: karo ni kiasi gani, mabweni yako wapi, msikiti uko karibu? Yule mhadhiri alikuwa mtu wa adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba kijana watoke kidogo barazani, wakasimama huko wawili wakizungumza. Mimi nikabaki na kiti changu na faili la vyeti visivyo vyangu.

Njiani tukirudi nyumbani nilikuwa kimya. Nilikuwa namkumbuka mtu mmoja ambaye dunia nzima inamjua kwa mambo mengine, lakini maisha yake yana somo kubwa juu ya jambo hili. Mtu huyo ni Gandhi wa Bara Hindi. Wengi wetu tunamjua kama mzee mwenye kitambaa kiunoni na fimbo mkononi. Leo natutazame alivyokwenda kusomea sheria, nani alimpa ruhusa, na yeye alipokuja kuwa baba aliifanyia nini ruhusa hiyo.

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 huko Porbandar, mji wa bandari katika Gujarat, upande ule ule ambao majahazi yake yalikuwa yakiletwa kwetu na upepo wa kaskazi. Babake, Karamchand, alikuwa waziri mkuu wa watawala wadogo wa sehemu hizo. Mamake, Putlibai, alikuwa mwanamke mshika dini yao, mwenye kufunga na kuweka nadhiri mara kwa mara. Walimwoza akiwa na miaka 13, na mkewe Kasturba alikuwa wa umri huo huo. Mwaka 1885 babake akafariki, na mzigo wa nyumba ukamwangukia kaka mkubwa, Laxmidas.

Mwaka 1887 kijana alipita mtihani wa matrikulesheni, uliokuwa mlango wa kuingilia chuo kikuu. Akapelekwa chuo cha Samaldas mjini Bhavnagar. Masomo yalimshinda. Hakuelewa walimu walichokuwa wakisema, na baada ya muhula mmoja akarudi nyumbani.

Hapo ndipo alipoingia mzee mmoja rafiki wa ukoo, Mavji Dave, Brahmin mwenye elimu na busara za dunia. Alipoitazama hali ya nyumba ile alisema nao waziwazi. Kiti cha uwaziri alichokalia marehemu hakitapatikana tena kwa kurithi, na shahada ya kawaida itachukua miaka mingi na mwisho wake ni ukarani. Kijana apelekwe London akawe wakili. Gharama aliikadiria kati ya rupia 4,000 na 5,000.

Kijana alifurahi, lakini alijaribu kuuliza kama haiwezekani asomee udaktari. Kaka akamkata. Marehemu baba hakupenda kabisa kazi hiyo, kwa kuwa dini yao haikuona vyema mtu kupasua maiti, na yeye alikuwa amekusudia mwanawe awe wakili. Basi hivyo ndivyo sheria ilivyochaguliwa. Aliyekuwa kaburini alikuwa na kauli, kaka alikuwa na kauli, rafiki wa ukoo alikuwa na kauli. Mwenye kwenda kusoma alikuwa na miaka 18.

Mama naye alikuwa na lake. Alikuwa amesikia kwamba vijana wakienda Uingereza hupotea, wakala nyama na kunywa mvinyo. Tena huyu alikuwa kitinda mimba wake. Hakukataa wala hakukubali. Alisema kwanza aulizwe ami yake kule Porbandar, maana ndiye mkubwa aliyebaki.

Gandhi akafunga safari mwenyewe. Alipanda gari la ng'ombe mpaka mji wa Dhoraji, kisha kwa haraka akapanda ngamia, mara yake ya kwanza maishani. Ami alimsikiliza. Alimweleza kwamba mawakili wanaorudi kutoka Ulaya amewaona, wanaishi kizungu na hawajali tena miiko ya chakula. Yeye ni mzee anayejiandaa kwenda kuhiji mahali pao patakatifu, vipi atoe ruhusa ya mtu kuvuka bahari? Lakini ruhusa ya haki ni ya mama. Mama akikubali, yeye hatazuia. Kijana akajaribu pia kuomba msaada wa fedha kwa ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akisimamia Porbandar. Ofisa alikuwa akipanda ngazi za nyumba yake. Alimwambia akamalize kwanza shahada hapo hapo nchini, kisha akaenda zake juu.

Tazameni jambo moja hapa. Mama hakumwachia mtu mwingine safari hiyo ya kuomba. Kijana alikwenda mwenyewe kwa ami, akasimama mwenyewe mbele ya ofisa, akakataliwa mwenyewe. Pengine hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yake ya kwanza ya chuo.

Aliporudi, mama bado alikuwa na hofu. Ikaamuliwa aitwe mtawa wa Kijaini aliyekuwa mshauri wa nyumba yao, Becharji Swami. Mbele yake kijana akala kiapo cha mambo matatu, kwamba hatagusa mvinyo, mwanamke wala nyama. Baada ya kiapo, mama akatoa ruhusa. Hakuomba aandikiwe kila wiki anasoma nini, wala hakumtuma mtu kwenda kumchunga. Alitaka neno la mwanawe, akalipata, akalitegemea.

Kikwazo cha mwisho kilimngoja Bombay. Jamaa zake Mabaniani wa huko waliposikia, wakamwita mbele ya baraza lao. Katika jamaa yao hakuna aliyewahi kwenda Uingereza, na kuvuka bahari waliona ni kuvunja dini. Kijana mwenye haya, asiyezoea kusema mbele za watu, aliwajibu kwamba mama na kaka wamekubali na ameshaapa. Mkuu wa baraza akamtangaza kuwa ametengwa, na yeyote atakayemsaidia au kwenda bandarini kumuaga atatozwa faini ya rupia moja na ana nne. Shemeji aliyeachiwa fedha za safari akaogopa kuzitoa. Gandhi akakopa kwa rafiki wa ukoo, akamwelekeza akachukue fedha zake kwa kaka. Tarehe 4 Septemba 1888 meli ikang'oa nanga. Nyuma aliwaacha mama, mke, na mtoto mchanga wa kiume aliyeitwa Harilal. Jina hilo tuliweke akilini, tutalirudia.

London aliandikishwa Inner Temple, moja ya vyuo vinne vya mawakili, Novemba 1888. Taratibu za wakati ule zingewashangaza wanafunzi wetu wa leo. Mbali na mitihani, mwanafunzi alitakiwa kutimiza mihula 12, karibu miaka mitatu, na kutimiza muhula maana yake ilikuwa kuhudhuria karamu za usiku za chuo. Kila meza ya watu wanne iliwekewa chupa mbili za mvinyo. Gandhi hakunywa, kwa hiyo kila mtu alitaka akae meza yake, maana chupa mbili zingegawanywa kwa watatu. Nyama pia hakula. Kwa muda alilala na njaa, mpaka alipokuta mkahawa wa wasiokula nyama. Kiapo alichomlia mamake katika chumba cha nyumbani kilimshika maelfu ya maili mbali, pasipokuwa na jicho la jamaa hata mmoja.

Mitihani ya sheria alipita. Kitu kingine cha kutaja: wengine walisoma kwa muhtasari, yeye alivisoma vitabu vyenyewe, hata sheria ya Kirumi akaisoma kwa Kilatini. Tarehe 10 Juni 1891 akapokelewa uwakili, na tarehe 12 akapanda meli kurudi.

Bandarini Bombay kaka alikuwa akimsubiri na habari mbaya. Mama alikuwa amefariki. Familia ilimficha ili asivunjike moyo katikati ya masomo. Yule aliyemwekea kiapo hakuwahi kumwona akiwa wakili.

Ilipofika kazi yenyewe, mambo hayakwenda. Laxmidas alikuwa ametumia fedha nyingi na alikuwa na matumaini makubwa ya jina na mapato. Lakini hakuna aliyekuwa amejiuliza kama ndugu yao ana moyo wa kusimama mbele ya hakimu. Katika kesi yake ya kwanza Bombay, kesi ndogo tu, alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka na maneno yakamkauka. Akakaa chini, akarudisha ada ya rupia 30, akaondoka mahakamani kwa aibu. Akarudi Rajkot kuandika maombi ya watu, kazi aliyoipata kwa msaada wa kaka. Kaka naye akamsukuma aende kumwombea jambo lake kwa ofisa wa Kiingereza ambaye Gandhi alimjua kidogo London. Gandhi hakutaka, lakini alikwenda kwa kuwa kaka ndiye aliyemsomesha. Akatolewa ofisini kwa kushikwa mabega.

Mlango ulifunguliwa na Mwislamu. Kampuni ya Dada Abdulla, mfanyabiashara wa asili ya Porbandar mwenye maduka Afrika Kusini, ilikuwa na kesi kubwa huko. Barua ilikwenda kwa Laxmidas, ikitaka nduguye aende kwa mwaka mmoja akawasaidie mawakili. Malipo yalikuwa pauni 105 pamoja na nauli na chakula. Aprili 1893 Gandhi akapanda meli tena.

Meli hiyo ilipita kwetu. Baada ya siku kama 13 ikatia nanga Lamu. Gandhi alishuka kutembea, akazungumza na makarani wa Kihindi wa posta. Kurudi, maji yalikuwa na nguvu na mashua haikuweza kuishika ngazi ya meli. Nahodha, ambaye njia nzima alikuwa akicheza naye sataranji, ndiye aliyechelewesha kuondoka, na kijana akavutwa juu kwa kamba. Wenziwe wengine waliachwa. Kutoka Lamu alifika Mombasa, kisha Unguja alikokaa zaidi ya wiki akisubiri meli nyingine, na mwisho wa Mei akafika Natal. Wazee wetu waliokuwa pwani siku zile huenda walipishana naye njiani wasimjue. Alikuwa wakili wa miaka 23 aliyeshindwa kazi kwao.

Ile kesi ndiyo iliyomfanya wakili. Dada Abdulla alikuwa akimdai Tyeb, jamaa yake mwenyewe, pauni 40,000. Gandhi alisoma uwekaji hesabu mpaka akaielewa kesi kuliko wote, kisha akawashawishi jamaa hao wawili waiondoe mahakamani waamuliwe na msuluhishi. Dada Abdulla akapewa haki ya pauni 37,000 na gharama. Tyeb angelipa mara moja angefilisika, basi Gandhi akamwomba Dada Abdulla apokee kidogo kidogo kwa muda mrefu, akakubali. Hapo, wala si London, ndipo alipojua sheria ni ya nini. Mwaka mmoja aliokwenda kuufanya ukawa miaka 21, na mengine ya huko dunia inayajua.

Kaka aliendelea kungoja malipo. Kwa miaka Gandhi alimpelekea akiba yake, kisha akamwandikia kwamba kuanzia sasa fedha zitatumika kwa jamii. Laxmidas alikasirika sana, wakakatiana mawasiliano kwa muda mrefu, wakapatana tu siku za mwisho za kaka. Anayemsomesha ndugu au mwana kama anayenunua hisa za kampuni, ajiandae kwa siku kama hiyo.

Sasa turudi kwa Harilal, yule mtoto mchanga aliyeachwa mwaka 1888.

Alikua akiwa na kiu ya masomo. Alitaka kwenda London kuwa wakili kama babake. Lakini baba alikuwa amebadilika. Aliona elimu ya Kiingereza inawafanya vijana watumwa, na kwamba tabia njema na utumishi ni bora kuliko vyeti. Wanawe hakuwapeleka skuli za kawaida, akawafundisha mwenyewe alipopata nafasi, na nafasi ilikuwa haba. Harilal alijitolea katika harakati za babake, akafungwa jela mara kadhaa akiwa kijana mdogo, mpaka watu wakawa wanamwita Gandhi mdogo.

Rafiki wa Gandhi, Dakta Pranjivan Mehta, ambaye walijuana tangu siku za London, alijitolea kugharamia masomo ya kijana Uingereza. Harilal alitumai ni yeye. Gandhi akamteua Chhaganlal, mtoto wa binamu yake. Huyo alipougua akarudi, akateuliwa Sorabji Adajania, kijana wa Kiparsi, naye akawa wakili. Kwa Gandhi huo ulikuwa uadilifu, maana kiongozi hapaswi kumpendelea mwanawe. Kwa Harilal ulikuwa mlango uliofungwa na mtu aliyepita ndani yake mwenyewe. Mwaka 1911, akiwa na miaka kama 23, alimwacha babake akarudi Bara Hindi. Akarudia mtihani wa matrikulesheni na watoto wadogo kwake, akashindwa.

Yaliyofuata ni ya huzuni. Mkewe alifariki mwaka 1918 katika janga la homa ya mafua. Biashara zake zikaanguka, akaingia kwenye ulevi. Mwaka 1936 alisilimu akajiita Abdullah, na magazeti yakajaa habari hizo, lakini baada ya miezi akarudi alikotoka. Mimi sikuandiki kisa hicho kwa kushangilia wala kwa kulaumu. Undani wa moyo wa mtu anaujua Mola wake. Gandhi aliuawa kwa risasi tarehe 30 Januari 1948. Harilal alifariki Bombay tarehe 18 Juni mwaka huo huo, mgonjwa wa kifua kikuu, bila ya kuwa na chochote.

Sisemi kwamba uwakili ungemwokoa Harilal. Hilo hakuna ajuaye. Na sisemi Gandhi hakumpenda mwanawe. Lakini ukiyaweka maisha hayo mawili sambamba, unaona jambo. Putlibai, mwanamke ambaye hakuijua London, alikuwa na hofu ya kweli na dini ya kweli, na bado aliuliza, akasikiliza, akaweka sharti analoliona muhimu, kisha akaachia. Mwanawe, aliyeijua London na sheria na dunia, alijua zaidi, na kwa kujua zaidi akaona hana haja ya kuuliza. Hekima yake aliipata kwa kwenda na kurudi. Mwanawe alitakiwa aipokee bila ya kwenda.

Sisi wa pwani tuna tabia zote mbili nyumbani. Tuko tunaofika na kijana mpaka ndani ya ofisi tukajibu kwa niaba yake, na tuko tunaomwamulia kabla hajasema. Mzazi ana haki yake, na radhi ya wazazi si jambo la kuchezewa. Anaweza kuuliza chuo kina sifa gani, karo itatoka wapi, kijana ataswali wapi na atakaa na nani. Anaweza kuomba ahadi. Lakini swali la kwa nini unataka sheria lina mwenyewe. Kijana asiyeweza kulijibu mbele ya mhadhiri mpole atalijibu vipi mbele ya hakimu mkali? Gandhi mwenyewe alikwama hapo, na sheria alikuwa amechaguliwa na wengine.

Kuhusu mpwa wangu, nina la kukiri. Mimi nina diploma, na sheria ndiyo niliyoitamani ujanani nisiipate. Nadhani siku ile ofisini nilikuwa nikijibu maswali ambayo mimi sikuwahi kuulizwa. Juzi nimemwuliza yeye, baada ya Isha, tukiwa barazani wawili. Amenieleza kwamba anataka kujifunza mambo ya ardhi, kwa sababu ameona jirani zetu wakihamishwa kwenye viwanja walivyozaliwa kwa kukosa hati. Sikuwa nalijua hilo, na tunaishi nyumba moja.

Wiki ijayo ana mahojiano katika chuo kingine. Nauli nitatoa mimi na nitakwenda naye. Nitamngoja nje ya lango, penye muuza kahawa.